Inchi Nne za Mama

Mpira wangu wa oksijeni ulikuwa na urefu wa mita kumi na mbili, na hapo ndipo dunia yangu ilipoishia. Ulianzia kwenye mashine iliyokuwa ikinguruma pembeni ya kitanda, ukapita sakafuni, ukaingia puani mwangu. Jikoni nilifika mpaka kwenye sinki. Chooni niliingia, lakini mlango haukufungika kwa sababu ya mpira, kwa hiyo mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nilikuwa nakwenda haja mlango wazi huku naimba ili watu wajue nimo. Kizingiti cha duka la mama, lililoshikana na nyumba yetu ukuta kwa ukuta, nilikigusa kwa vidole vya mguu. Dukani kwenyewe sikuingia.

Na hilo duka ndimo nilimokulia. Mama ni fundi cherehani, mimi ni fundi cherehani, na pale mezani tulikuwa na mkataji wetu tunayemwita Mkasi, aliyekuja kujifunza kazi miaka kumi na tano iliyopita akasahau kuondoka. Nilivyozidiwa, waliniwekea kiti hapo kizingitini, upande wa nyumbani. Nikawa nakaa kutwa nzima nawasikia wakikata, wakishona, wakisengenya wateja, na mimi nashona vifungo kama bibi kizee. Ukiniuliza jela ikoje, sihitaji kwenda kuiona.

Mgongo wangu ulianza kupinda nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ulijikunja kushoto, halafu ukageuka kulia, na bega langu la kulia likatoa nundu. Shuleni waliniita Kiulizo, kwa vile ukinitazama kwa pembeni nilifanana na alama ya kuuliza. Wengi niliwapiga kwa sababu ya jina hilo. Mkasi tu ndiye ninayemruhusu, maana yeye mwenyewe ana miguu ya matege na tukigombana namkumbusha.

Mama hakuwahi kuniita hivyo. Mama alinishonea. Hakuna fundi mjini aliyeweza kuificha nundu ile kama yeye. Alijua wapi aache kitambaa kilegee na wapi akikusanye, mpaka nikipita barabarani watu wanatazama gauni. Nilikuwa nikijiona kwenye kioo nasema, kumbe nami nimo. Kwa hilo nilimpenda mno, na bado nampenda, hata kama hapa mbele nitasema maneno makali juu yake.

Basi nikaishi na mgongo wangu bila matata hadi mapafu yalipoanza kukakamaa. Yaliota makovu ndani, madaktari hawakujua sababu. Mama alisema ni vumbi la vitambaa, wakamwambia siyo, hakuwaamini. Nilianza kwa kuhema nikipanda ngazi, nikaja kuhema nikichana nywele, mwisho nikawa nahema nikicheka. Dawa zikashindwa. Wakaniambia lililobaki ni kupandikizwa mapafu ya mtu mwingine, na nisipoyapata nina mwaka, labda mwaka na nusu.

Daktari wa kwanza aliitazama picha ya kifua changu, akaiweka mezani kifudifudi. "Kwa mgongo huu, haiwezekani," alisema. Nilimuuliza kama anadhani nimekuja nao kwa makusudi. Mama akanifinya.

Wa pili alikuwa daktari wa upasuaji, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, hana haraka. Aliishika ile picha dirishani kwa muda mrefu, anaigeuza huku na huku, kwa namna ambayo mama huwa anakigeuza kitambaa kabla hajakitia mkasi. Nikampenda palepale.

"Nafasi ipo," alisema. "Ila kifua chako kina kona. Upande wa kulia mbavu zimebanana, kushoto zimepanuka. Nikikuwekea mapafu makubwa hayatafunguka. Yatajikunja humo ndani na yatakuua. Tunatafuta madogo, ya saizi yako hasa."

"Na saizi yangu mnaijuaje?" nilimuuliza.

"Kwa watu wengine tunatumia urefu. Mtu wa urefu fulani ana mapafu ya ukubwa fulani. Wewe urefu wako unatudanganya, kwa sababu mgongo umejikunja. Kwa hiyo tutapima mikono. Ukiinyoosha huku na huku, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, tunapata urefu ambao ungekuwa nao."

Namba hiyo moja ndiyo ingeandikwa kwenye orodha. Mapafu yakipatikana popote, wanatazama namba, wanaita mwenye saizi. Nilielewa mara moja. Ni kazi yangu.

Tatizo ni kwamba siku hiyo mkono wa kulia haukunyanyuka. Wiki ile pafu lilikuwa limepasuka, wakaniwekea bomba ubavuni upande huohuo, na ndiyo kwanza walikuwa wamelitoa bomba hilo. Nesi wa orodha, yaani yule anayesimamia majina ya wanaosubiri, alijaribu kuuinua mkono, nikapiga kelele. Akasema basi, nikapimwe nyumbani baada ya siku kumi, nimelala mahali palipo sawa, halafu nimpigie simu nimtajie.

"Nyumbani kuna mtu wa kukupima vizuri?" aliuliza.

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Mama yangu ni fundi wa nguo miaka arobaini."

"Loo! Basi umemaliza. Hata mimi simfikii."

Siku ya kumi, Mkasi hakuwepo, alikuwa amekwenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Wakati huo bado nilikuwa nabeba mtungi mdogo na dukani naingia. Mama aliondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia, akaifuta, akanilaza. Nikanyoosha mikono. Alibana mwanzo wa futi, ule utepe wake wa kupimia, chini ya kidole changu cha kushoto kwa kuliegemezea pasi baridi, akalivuta juu ya kifua changu mpaka upande wa pili. Nakumbuka mkia wa futi ulining'inia kwenye kidole changu cha kulia ukanitekenya.

"Sitini na mbili," alisema.

Mama hasemi namba mara mbili. Yeye anataja, wewe unaandika. Nilikuwa nimeandika namba kutoka kinywani mwake tangu nina miaka kumi na sita, mkono unakwenda wenyewe. Nikaandika sitini na mbili, nikazigeuza kuwa sentimita, nikampigia nesi. Nesi akaandika mia moja hamsini na saba na nusu. Jina langu likaingia kwenye orodha, nami nikaanza kusubiri simu.

Kusubiri kule sijui nikuelezeje. Simu haizimwi. Simu haiachwi chumba kingine. Mtu akinipigia kusalimia namwambia kata, nasubiri watu wa maana. Hairuhusiwi kwenda mbali na hospitali zaidi ya saa mbili, kana kwamba ningeweza kwenda popote na ule mpira. Begi liko mlangoni. Na kila asubuhi unaamka unajua kwamba ili wewe upone, kuna nyumba fulani italia. Sikujua nimwombe Mungu nini.

Mwezi wa nne simu ilikuja, saa nne asubuhi. Mkasi aliendesha gari kama mwizi. Nikaogeshwa kwa dawa, nikavishwa gauni la hospitali, nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu. Mama akanishika mguu. Daktari akaja, akasimama, nikaijua ile sura kabla hajafungua mdomo.

"Samahani. Ni makubwa. Hayaingii."

Tulirudi nyumbani. Mwezi wa nane wakaita tena, mchana, na tena nikaogeshwa, na tena akaja na uso uleule. Safari hii alikunja kipaji. "Sielewi kwa nini tunaletewa makubwa tu," alisema. "Kwenye karatasi wewe ni mtu mrefu kuliko ninavyokuona hapa."

"Ni mgongo huo, daktari," mama alimjibu. "Umemmeza mwanangu. Angenyooka ungemwona."

Daktari akatikisa kichwa akaondoka. Nilimwonea mama huruma kwa kunitetea hivyo.

Kufika mwezi wa kumi na moja mashine ilikuwa imepandishwa kutoka lita mbili kwa dakika hadi lita sita. Kulala chali nilivumilia dakika chache tu. Kuoga nilioga nimekaa, mama ananisugua, na bado nikitoka hapo nahema nusu saa. Umeme ukikatika tunahamia kwenye mtungi, na mtungi ni wa saa tatu, kwa hiyo saa tatu zile mama anaukodolea macho mshale wake na mimi namkodolea macho mama. Nilishaanza kumwambia Mkasi nani achukue cherehani yangu. Alikuwa ananijibu, "Toka hapa, Kiulizo, mashine mbovu ile nani anaitaka?" halafu anageukia ukutani kufuta macho.

Siku hiyo nilikuwa kizingitini na kopo langu la vifungo. Akaingia mwalimu mmoja wa kike, mteja wetu wa siku nyingi, amevaa gauni la kijani na amefura.

"Mama Fundi, hebu nitazame! Hili ni gauni au hema?"

Kwa kweli lilikuwa hema. Mabega yalimfika kwenye viwiko.

"Nani kakushonea takataka hii?" mama aliuliza.

"Wifi yangu, huko nilikohamia. Kwa vipimo vyako! Vile ulivyoniandikia mwenyewe kwenye karatasi."

Mkasi aliangua kicheko, akatupa mkasi mezani. "Mwalimu, nani alikutuma uvipeleke nje? Vipimo vya Mama haviendi kwa fundi mwingine! Mafundi wote wanapima mwili, halafu wakati wa kukata wanaongeza inchi mbili ili nguo isibane. Mama yeye anaongeza kichwani, hapohapo anapopima. Kinachomtoka mdomoni kimeshaongezwa. Ndiyo maana kila siku ananipigia kelele, 'Kata palepale!' Sasa wifi yako kaongeza zake juu ya za Mama. Shukuru hujapata mkia."

"Namba mbichi, isiyoongezwa, mimi sitaji," mama alisema, naye anacheka. "Namba mbichi inawabana watu. Leta, nitakupunguzia."

Duka zima likacheka. Nami nikacheka, nikashikwa na kikohozi, nikainama kusubiri kipite. Kilipopita, kifungo kilikuwa bado mkononi mwangu, na ile sitini na mbili ilikuwa imenijia kichwani.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi siyo mwalimu wala wifi yake. Nimekata nguo kwa namba za mama miaka ishirini bila kuongeza hata nusu inchi, kwa sababu najua zimeshaongezwa. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na bado nilichukua namba ya kukatia nguo nikawapa watu wanaonitafutia mapafu.

Nilijiambia, tulia, pengine siku ile alitaja mbichi. Ndipo nikakumbuka mkia wa futi. Futi la mama lina inchi sitini tu, siyo moja zaidi. Kama mikono yangu ingekuwa sitini na mbili, lingeishia kabla ya kidole, ingembidi aweke alama ya chaki, alivute tena. Hakuvuta tena. Lilining'inia likanitekenya.

Nikanyanyuka, nikarudi chumbani nikiburuta mpira. Nikashika kipande cha chaki kila mkono, nikajibandika ukutani kwa kifua, nikanyoosha mikono kwa nguvu zangu zote, nikachora huku na nikachora huku. Nikakaa kitandani mpaka pumzi iliporudi. Kisha nikapima kati ya alama na alama. Hamsini na nane. Nikarudia mara tatu, na kila mara napumzika dakika kumi. Hamsini na nane, hamsini na nane, hamsini na nane.

Inchi nne. Wateja wengine mama anawaongezea mbili. Mimi, tangu nina miaka kumi na mmoja, ananiongezea nne, kwa ajili ya nundu.

Sikumwambia mtu. Nilikaa na simu mapajani nikihesabu sababu za kunyamaza. Wakijua namba ilikuwa ya uongo, huenda wakaniondoa kwenye orodha wanianzishe upya, nami muda wa kuanza upya sikuwa nao. Halafu mama. Mama ambaye alikuwa anaamka alfajiri kusafisha kichujio cha mashine kwa mswaki. Nimwambie nini? Lakini nikinyamaza, simu itaita tena, nitaogeshwa tena, na yatakuja makubwa tena. Kama ningeifikia hiyo "tena" yenyewe.

Nikampigia nesi wa orodha. Nilimweleza yote, maneno matatu kwa kila pumzi.

"Nilipaswa nikupime mwenyewe," alisema. "Ulipokuja kliniki baadaye nilipaswa kukupima. Ni kosa langu pia. Njoo kesho asubuhi."

Kesho asubuhi. Na mtungi wangu wa safari anaubeba mama, humpokonyi, hata Mkasi ameshindwa. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya kupita pembeni.

Nilimngoja afunge duka. Alipoingia na kikombe cha uji nikamwambia akae.

"Mama, siku ile uliyonipima mikono. Ulitaja ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Futi lako lina inchi ngapi?"

Akanitazama. Nikamwonyesha zile alama ukutani. Nikamrushia futi. Hakulipima, alilishika tu.

"Mimi sijakosea kipimo miaka arobaini," alisema.

"Hujakosea. Umeongeza."

"Sikuongeza."

"Mama, umeongeza! Unaongeza hata ukipima pazia! Miezi kumi na moja natafutiwa mapafu ya saizi ya mtu mwingine, mtu mrefu, mtu asiye na mgongo huu! Wanaletewa makubwa kwa sababu yako!"

Nilikuwa sina pumzi ya kugombana, kwa hiyo kila neno lilitoka peke yake, na nadhani hivyo ndivyo lilivyomwumiza zaidi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mikono yake ililikunja futi, ikalikunjua, ikalikunja.

"Nilianza kukuongezea ile siku uliyorudi kutoka shuleni umechaniwa shati," alisema. "Walikuvua ili waone. Nikaapa hawataona tena. Kila nikikupima, mkono wenyewe unaongeza. Namba yako mbichi mimi siijui, mwanangu. Sikutaka kuijua."

"Basi umenificha vizuri," nikamwambia. "Umenificha mpaka mapafu yamenipita."

Nilitamani kuyarudisha maneno hayo wakati bado yako mdomoni. Mama alisimama. Akachukua kikombe cha uji ambao sikuugusa, akaenda kukiosha, nikayasikia maji yakimwagika muda mrefu sana kwa kikombe kimoja.

Asubuhi aliubeba mtungi kama kawaida. Hospitalini nesi alikuwa ametayarisha kitanda kilichonyooka na futi lake la plastiki. Nikalala, nikanyoosha mikono.

"Nipe mimi," mama alisema.

Nesi alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

Mama alitoa futi lake mfukoni. Akalibana kwenye kidole cha kushoto, akalivuta polepole juu yangu, akalilaza sawasawa, akainama mpaka pua yake ikakaribia kidole changu. Akakaa hivyo. Niliona midomo yake ikicheza. Namba alikuwa ameiona, ila mdomo ulikataa kuitoa, maana kila siku ya maisha yake ulikuwa umetaja kitu kingine.

"Hamsini na nane," alisema. Machozi yakamtoka hapohapo, bila kwikwi, akayaacha yateremke. "Hamsini na nane. Ndiyo hiyo. Andika."

Nesi akapima na lake. Mia moja arobaini na saba. Akaandika, akabonyeza kompyuta, akasema nimebadilishwa, siondolewi, nafasi yangu iko palepale. Ningenyamaza hapo. Lakini mimi na kunyamaza hatujawahi kuelewana.

"Kuna yaliyonipita?" nilimuuliza.

Alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Sema tu," mama akamwambia. "Nataka kusikia."

"Ya saizi yako, mara mbili. Mwezi wa tatu na mwezi wa saba. Yalikwenda kwa wengine."

Mama aliketi juu ya kiti cha wagonjwa. Akauliza, "Hao wengine, wako hai?"

"Wako hai, mama."

"Haya," alisema. "Angalau."

Kuanzia siku hiyo mama hakupima mtu. Mteja akija anamwita Mkasi. Mkasi anajua kukata tu, hajawahi kuongeza maishani, kwa hiyo wiki mbili zile mji mzima ulivaa nguo za kubana. Mwenyekiti wa mtaa alipasukiwa na suruali akiwa mbele ya mkutano. Wakati mwingine tungevunjika mbavu. Mkasi alikuja kunihadithia kizingitini, na mama, aliyekuwa akipiga pasi, hakuinua hata kichwa.

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Ulisema kweli, utaombaje msamaha kwa kweli?" Nikamwambia basi na wewe nisamehe kwa kuandika bila kufikiri, maana mimi ndiye niliyepiga simu. Akasema mimi ni mgonjwa. Nikasema mimi ni fundi. Tukabaki hapo, kila mtu ameng'ang'ania kosa lake, na mimi lita zimefika nane.

Siku ya kumi na tisa simu iliita saa mbili asubuhi. Sikuamini. Nilishazoea kuamini na kurudishwa. Nikaogeshwa na ile dawa yenye harufu kali, nikavishwa gauni la hospitali, pana, bila umbo, limeshonwa na mtu asiye na huruma. Kwa mazoea mama aliubana upindo wa ubavuni kwa vidole viwili kuona linahitaji kupunguzwa kiasi gani, halafu akauachia.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Naogopa."

"Mimi pia."

Tulikaa saa mbili. Nilikuwa nautazama mlango. Daktari alipoingia nilimwangalia usoni nikitafuta ule uso wake wa samahani, na sikuuona, nikadhani macho yananidanganya.

"Yanaingia," alisema.

Mama alisimama. "Umepima mwenyewe?"

"Wenzangu wamepima huko yaliko, wakanisomea. Nikalinganisha na picha yake, mara mbili. Kulia padogo, kushoto pakubwa kidogo. Yanaingia."

"Hamkuongeza?"

"Hatukuongeza, mama."

Alimtazama machoni kwa namna anavyomtazama mteja anayedai kwamba hajanenepa. Kisha akainama, akaniwekea shavu lake juu ya nundu, upande ule ambao miaka ishirini na mitano hakuugusa ila kwa kitambaa. Nesi akautoa mpira kwenye bomba la ukutani akauchomeka kwenye mtungi mdogo, na kitanda kikaanza kwenda.

Kuna mstari mwekundu sakafuni, ndugu hawauvuki. Magurudumu yaliupita. Nilitaka kugeuka nimwone, lakini mgongo wangu haugeuki nikiwa nimelala, kwa hiyo nilibaki nazitazama taa za darini na mgongo wa daktari aliyetangulia mbele. Milango ile ya kusukuma ilikuwa imeanza kufunguka niliposikia sauti ya mama kutoka nyuma. Haikuwa sauti ya kilio. Ilikuwa sauti yake ya dukani, ileile anayomtumia Mkasi kutoka upande huu wa meza hadi ule, nzito, haina mzaha.

"Hamsini na nane, daktari! Kata palepale!"

Daktari hakugeuka. Aliinua mkono tu.

"Nimesikia, mama," alisema. "Palepale."